Hawatachagua Kindu mpaka njia yetu sisi wenyewe ifunguke

Ndugu na dada wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na ninyi wote wa Maniema muliotawanyika Kisangani, Goma, Lubumbashi na Kinshasa,

Kuko neno moja ambalo wakubwa wa inchi hii wanapenda sana: potansialite. «Maniema iko na potansialite kubwa ya utalii.» Neno hilo linasemwa kwenye atelie, watu wanapiga mikono, wanakunywa sukre, wanapiga picha, kisha kila mutu anarudi kwake. Pori iko, muto uko, historia iko. Wageni njo hawako.

Leo tunataka kusema juu ya wageni wa aina moja: vijana wa Ulaya, Marekani na Australia, na siku hizi vijana wa Nairobi, Lagos na Johannesburg pia, wenye kutembea dunia na mfuko mgongoni. Hawa hawalale kwenye hoteli ya nyota tano. Wanalala watu sita ao nane chumba kimoja, wanakula chakula cha kando ya barabara, wanapanda basi pamoja na raia na kuku zao. Feza yao ni kidogo, lakini inaingia moja kwa moja mukononi mwa mama muuza mikate, kijana wa moto na mwenye mutumbwi. Kila mwaka wanakaa mbele ya ramani, wanatafuta fasi ya joto, yenye bahari ao ziwa, yenye pori. Wanachagua Zanzibar, Diani, Bwindi, Thailand, Costa Rica. Maniema hawaichague.

Juu ya nini? Watu wetu wengi wanajibu: «Hawatujui.» Ao: «Tumekosa publisite.» Sisi tunasema hapana. Musafiri hachague uzuri peke yake. Anachagua njia. Na kile chenye kumufungia njia yeye, kimetufungia sisi kwanza, sisi wenye kuishi ndani. Jambo hilo njo tunataka wakubwa wasikie: musituletee mipango ya kuita wageni wakati mwenyeji hawezi kutoka Kindu mpaka Kasongo bila kuteswa na barabara na bariera.

MAULIZO TANO

Zamani ni kitabu kilikuwa kinawaonyesha njia vijana hawa. Mwaka 1972 Tony na Maureen Wheeler walitoka London, wakapita Asia kwa inchi kavu mpaka Australia, na mwaka 1973 wakatoa kitabu kidogo cha kwanza cha Lonely Planet. Leo simu imechukua fasi ya kitabu. Lakini maulizo hayakubadilika, na ni tano.

Moja: nitapata karatasi ya kuingia, kwa bei gani? Mbili: nitafika na nini, siku gani? Tatu: bei nitakayoambiwa leo, njo nitakayolipa kesho? Ine: nikigonjwa ao nikipata hatari, nani atanitoa? Tano: nani alipita mbele yangu, na anasema nini? Uzuri wa fasi ni ulizo la sita. Uzuri uko pande nyingi za dunia. Majibu ya maulizo tano njo yanakosekana.

Tuangalie Zanzibar, juu ndugu zetu wa kule wanasema lugha yetu. Visa ya Tanzania kwa wageni wengi ni dola 50, kwa Wamarekani ni dola 100, na mutu anaweza kuiomba kwa intaneti ao kuipata akifika. Kutoka Dar es Salaam kuna boti kila siku, yenye saa iliyoandikwa na bei iliyoandikwa. Ukifika, daladala inakupeleka Nungwi, Paje ao Jambiani. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2024 kila mugeni analipa bima ya dola 44. Wengine walilalamika, lakini wanaijua mbele ya kufika, hakuna mutu anayeizusha kando ya barabara. Mwaka 2024 visiwa vile vilipokea wageni zaidi ya 700,000, na wakaaji wenyewe, kwa hesabu ya mwaka 2022, walikuwa karibu milioni 1.9. Bahari ya Zanzibar ni nzuri, kweli. Lakini dunia iko na bahari nzuri nyingi ambazo hakuna anayezitembelea.

Majirani wengine wamefanya vilevile. Tangu mwezi wa kwanza mwaka 2024 Kenya iliondoa visa ya zamani na kuweka ruhusa ya intaneti. Rwanda inatoa visa kwa mutu wa inchi yoyote akifika kwenye mupaka. Na tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziko na visa moja ya utalii: dola 100, siku 90, inchi tatu. Kijana anaona gorila Uganda, anaogelea Kenya, hajaomba karatasi mara mbili.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Bendera yetu imepandishwa kule Arusha. Lakini ndani ya visa ile hatumo. Kijana wa mfuko mgongoni anafika Gisenyi, anaangalia Goma ng'ambo ya bariera, na pale karatasi yake inaishia. Kama anataka kuendelea, analazimika kutafuta visa ingine. Atafanya nini? Atageuka, ataenda Zanzibar.

KWA UPANDE WA KINDU

Tujibu maulizo tano sisi wenyewe, bila kujidanganya.

Karatasi, tumesema. Njia: kwa ndege, bei yake raia wa kawaida haiwezi. Kwa treni kutoka Lubumbashi kupitia Kabalo na Kongolo, reli iko tangu wakati wa Wabelgiji, lakini nani atakuambia siku ya kufika? Watu wanangojea gare mpaka chakula cha safari kinaisha mbele ya safari kuanza. Kwa barabara, wakati wa mvua, kamio inalala ndani ya matope, na moto njo inabeba kila kitu: mugonjwa, mpunga, mwanafunzi. Muji wetu wenyewe umekatwa na Lualaba. Hakuna daraja. Mama wa Alunguli anayeleta muhogo sokoni anamwomba Mungu asikutane na upepo katikati ya muto.

Bei: hakuna bei. Kuko bei ya mutu anayejulikana na bei ya mutu asiyejulikana. Kuko takse yenye karatasi na takse bila karatasi. Kwenye njia zetu bariera ni nyingi kuliko visima, na kila moja iko na afisa wake anayeomba «kahawa».

Hatari: hapa hatutacheka. Goma iko mikononi mwa M23 tangu mwezi wa kwanza mwaka 2025, Bukavu tangu mwezi wa pili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Watu waliokimbia tunaishi nao. Serikali za Ulaya na Marekani zinaambia raia wao wasikuje mashariki ya Kongo, na kuko jambo ambalo wengi wetu hawajui: pale serikali yake inasema usiende, bima nyingi za safari hazilipe. Kwa hiyo hata kijana asiyeogopa anakuja peke yake, bila mutu wa kumutoa.

Wale wa Virunga wanajua namna hiyo inaumiza. Parke ile iliundwa mwaka 1925, ni ya kwanza katika Afrika. Wageni walikuwa wameanza kurudi. Mwezi wa tano mwaka 2018 watu wenye silaha walikamata Waingereza wawili na kuua mulinzi mwanamuke aliyekuwa pamoja nao. Waingereza waliachiliwa kisha siku mbili. Mulinzi alizikwa. Parke ilifungwa kwa wageni mpaka mwaka 2019. Kazi ya miaka mingi iliharibika kwa asubuhi moja, na aliyelipa zaidi ni Mukongomani.

Ulizo la tano, nani alipita? Mwaka 2004 mwandishi wa habari Mwingereza, Tim Butcher, alitoka Kalemie akapita Kasongo mpaka Kindu, kisha akashuka muto. Aliandika kitabu, kilitoka mwaka 2007. Alipita namna gani? Kwa pikipiki za shirika la misaada, na kipande kimoja cha muto kwa mashua ya Umoja wa Mataifa. Wageni wetu wengi mpaka leo ni wa aina hiyo: wanakuja na jeep yenye antena, wanalala katika kiwanja chenye ukuta, wanatoka. Hawanunue kitu sokoni.

KILE TUKO NACHO KWELI

Hatusemi haya kwa kudharau kwetu. Kinyume.

Upande wa magharibi wa Kindu, kati ya Tshopo na Maniema, kuko Parke ya Taifa ya Lomami. Iliundwa mwezi wa 7 mwaka 2016, na ukubwa wake unapita kilomita za mraba 8,800. Ndani yake kuko bonobo na okapi, wanyama wawili ambao pori zao duniani kote ziko Kongo peke yake. Kuko tembo wa pori. Kuko lesula, nyani mwenye uso sawa wa mutu mwenye kuwaza. Watu wa sayansi walimuona mara ya kwanza mwaka 2007, wakamutangaza mwaka 2012, na magazeti ya dunia yote yakaandika: nyani mupya! Kwa wawindaji wa Lomami hakuwa mupya. Jina «lesula» ni lao, walikuwa wanamwita hivyo siku zote. Na mbele ya parke kuundwa, wazee wa vijiji walifanya tambiko kuomba ruhusa kwa mababu. Parke hiyo ilianza na neno la wazee, haikuanza na bunduki. Hiyo ni mali.

Kuko muto. Kutoka Kindu mpaka Ubundu Lualaba inabeba mashua. Pale Ubundu maporomoko ya Boyoma yanazuia, njo maana Wabelgiji waliweka reli ya kilomita 125 mpaka Kisangani. Kisha Kisangani muto unafunguka tena mpaka Kinshasa.

Kuko njia ya zamani. Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ziwa Tanganyika, kisha Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip, mwana wa Zanzibar, alikuwa na makao yake Kasongo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na tarehe 15 mwezi wa 7 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakipiga risasi ndani ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Leo, Stone Town, mugeni analipa kuingia fasi iliyokuwa soko la watumwa, anashuka ndani ya vyumba vya chini, anatoka akilia. Wale waliouzwa walitoka wapi? Wengine walitoka huku kwetu. Mwisho wa historia unaonyeshwa kwa kulipa pale kisiwani. Mwanzo wake uko hapa, na hakuna anayefika.

Kwa njia ile ile mpunga na Kiswahili vilifika kwetu. Kijana wa mfuko mgongoni aliyejifunza «habari» na «bei gani» kule Paje, angeweza kupanda treni mpaka Kigoma, kuvuka ziwa mpaka Kalemie yenye fukwe zake, kupanda treni ingine mpaka Kindu, kushuka muto mpaka Kisangani, na kwa njia yote hiyo angeeleweka. Bahari, ziwa, pori, muto, lugha moja. Katika dunia safari kama hiyo ni chache. Kila kipande chake kiko kwenye ramani. Kinachokosekana ni treni yenye saa na mashua yenye bei.

MULANGO UNAFUNGIWA NANI?

Sasa tusome tena maulizo yale tano, lakini tuondoe muzungu. Tuweke mama wa Kibombo anayepeleka mpunga Kindu. Tuweke mwanafunzi wa Punia. Tuweke mugonjwa wa Kabambare. Tuweke mimi, mwenye lisanse na bila kazi, ninayetaka kwenda Kisangani kutafuta.

Nitafika siku gani? Haijulikani. Bei itabaki? Hapana. Nikipata hatari, nani atanitoa? Hakuna. Karatasi? Mimi ni raia wa inchi hii, kadi ya kupiga kura iko mfukoni, na bado kwenye bariera nitaulizwa ninatoka wapi, ninaenda wapi, na «ordre de mission» iko wapi, sawa vile kutembea ndani ya inchi yako ni kosa.

Ni maulizo yale yale. Majibu ni yale yale. Tofauti ni moja: mugeni akikosa jibu anachagua inchi ingine. Sisi hatuna ingine. Mpunga wa Kasongo ukikosa njia unaoza ao unauzwa kwa bei ya huzuni. Mwanafunzi akikosa njia anaacha shule. Mugonjwa akikosa njia, munajua.

Kwa hiyo tunakataa namna wakubwa wanaweka mambo: kwanza utalii, kisha wageni wataleta feza, kisha feza itatengeneza barabara. Zanzibar watu walikuwa na daladala mbele ya muzungu kuipanda. Boti ilibeba Wazanzibari na Wabara mbele ya kubeba wageni. Mugeni anaingia ndani ya njia ambayo mwenyeji tayari anaitumia. Njia iliyotengenezwa kwa mugeni peke yake inaishia mulangoni mwa hoteli.

KUCHAGULIWA NAKO KUKO NA HATARI

Vijana wenzangu, tusifikiri tena kwamba siku watatuchagua matatizo yataisha. Kule Thailand kuko ufuko unaitwa Maya Bay. Filamu moja ya Hollywood ya mwaka 2000 iliuonyesha, na dunia yote ikauchagua. Boti zikajaa, matumbawe yakafa. Mwaka 2018 serikali ilifunga ufuko ule, na haikuufungua mpaka mwaka 2022. Fasi inaweza kufa juu ya kupendwa.

Rwanda ilichagua kinyume: tangu mwaka 2017 kuona gorila ni dola 1,500 kwa mugeni. Uganda ni dola 800. Kwa bei hizo kijana wa mfuko mgongoni yuko nje, anayeingia ni tajiri. Ni uchaguzi wao, na gorila wanalindwa. Lakini angalieni jambo moja: Rwanda inatoa kwa vijiji vya kando asilimia 10 ya mapato ya parke, na Uganda inarudisha kwa raia asilimia 20 ya feza ya kuingia parke. Imeandikwa. Raia anaweza kudai, juu kuko nambari ya kudai. Sisi pia tunataka nambari.

Costa Rica njo inatufundisha zaidi. Miaka ya 1980 pori yao ilikuwa imekatwa mpaka ikabaki karibu robo ya inchi. Leo inapita nusu. Walianza kulipa wenye ardhi walinde miti. Na kule Tortuguero, kijiji kilichoishi kwa kuvua kasa na kuuza mayai yao, watu wale wale wakawa waongozaji wa wageni wanaokuja usiku kuangalia kasa akitaga. Hawakufukuza muwindaji. Walimupa kazi ingine kwa elimu ile ile aliyokuwa nayo.

Hapa kwetu nyama ya pori inafika Kindu kwa velo, kutoka upande wa Lomami, na sisi njo wanunuzi. Sheria ya mwaka 2014 juu ya kulinda viumbe iko, na inakataza kuua bonobo na okapi. Lakini kijana anayesukuma velo ile siku tatu ndani ya matope hafanye hivyo kwa furaha. Anajua kila kijito, kila mulio wa nyani. Kesho angekuwa muongozaji bora kuliko mutu yeyote aliyesoma utalii kwenye iniversite. Ukimufunga bila kumupa kazi, atarudi pori akiwa na hasira. Hapo parke itakuwa na adui mulangoni, hata mugeni mmoja hajafika.

WENGINE WATASEMA: VITA IKO

Watasema: vijana hawa wako na wazimu, inchi inawaka, wao wanazungumza juu ya fukwe na nyani.

Tunajibu. Hatuombe wazungu wakuje kesho. Kama rafiki wa Ulaya anatuuliza leo, tutamwambia ukweli: ngojea. Hatutamudanganya mutu kwa picha nzuri kisha afe njiani. Lakini barabara, mashua, bei iliyoandikwa, mwisho wa bariera za kahawa, haya hayangojei mwisho wa vita kule Kivu. Kindu iko chini ya serikali. Bariera ya kilomita 12 haikuwekwa na M23.

Na wageni wa kwanza si lazima watoke mbali. Kigoma, Ujiji, Tabora na Dar es Salaam kuko watu wanaoitwa Wamanyema. Kariakoo kuko musikiti unaobeba jina hilo. Ni wajukuu wa watu waliotoka huku, wengine kwa biashara, wengine ndani ya minyororo. Wangapi kati yao wameona Kasongo? Mwanafunzi wa Kisangani ameona Lomami? Sisi wenyewe wa Kindu, wangapi wamefika Nyangwe? Fasi ambayo wenyeji hawajatembea, mugeni ataifuata kwa neno la nani?

TUNADAI NINI

Kwa serikali ya jimbo:
1. Bariera zote zisizo na sheria kwenye njia za kutoka Kindu ziondolewe, na zile za sheria ziandikwe kwenye ubao: nani anaomba, kiasi gani, karatasi gani. Kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake.
2. Bei ya kuvuka kati ya Kindu na Alunguli na bei ya mashua za Ubundu ziwekwe ubaoni bandarini, na kila mashua iwe na jile za kuokoa maisha. Mbele ya mutalii, ni mama zetu wanazama.

Kwa serikali ya Kinshasa:
3. Treni ya Kindu iwe na siku inayojulikana, hata ikiwa ni mara moja kwa mwezi. Mara moja kwa mwezi inayojulikana ni bora kuliko ahadi ya kila wiki.
4. Kongo iombe kuingia katika visa moja ya Afrika Mashariki. Tuliingia Jumuiya kwa ajili ya nini, kama raia wake anasimama bado mupakani?

Kwa wasimamizi wa Parke ya Lomami:
5. Kazi za ulinzi na uongozaji zitolewe kwanza kwa vijana wa vijiji vya kando, wakiwemo waliokuwa wawindaji, na orodha ya waliochukuliwa itangazwe.
6. Sehemu ya kila feza itakayoingia siku moja iandikwe sasa, mbele ya mugeni wa kwanza. Nambari, tarehe, na fasi ya kuidai. Kisha mugeni kufika itakuwa kuchelewa.

Na kwetu sisi vijana:
7. Tuache kununua nyama ya wanyama waliokatazwa. Hakuna mukubwa wa kutulazimisha hapo, ni sahani yetu.
8. Tuwaendee wazee wa Kasongo na Nyangwe na simu zetu, turekodi yale wanajua juu ya njia ya zamani, mbele hawajaenda nayo. Kazi hiyo haiombe bajeti.
9. Kila mutu anayesafiri aandike: bei aliyolipa, bariera alizokuta, siku alizotumia. Atutumie. Tutatangaza kila mwezi. Hilo njo litakuwa jibu letu la ulizo la tano: nani alipita, na anasema nini.

Harakati yetu haina feza ya kujenga hoteli. Lakini kuhesabu bariera tunaweza, na kuuliza kila moja iliwekwa na nani tunaweza. Tunaanza na njia ya Kindu mpaka Kasongo. Wenye moto, wenye velo, wamama wa mpunga: tunawangojea.

Siku mama wa Kibombo atajua saa ya kufika Kindu na bei ya safari yake, na bei hiyo isibadilike njiani, siku hiyo kijana wa mfuko mgongoni naye atapata jibu lake. Achague ao asichague, sisi tutakuwa tumepata njia yetu.

Imeandikwa Kindu, kwa ajili ya raia wote wa Maniema.